Vyeti Nilivyovikalia

Nyie mnaolia kwenye simu zenu kwamba chuo kimewakalia vyeti, nisikilizeni mie kidogo. Chuo hakina makalio. Aliyevikalia ni mie, Mama Feli wa Kiwalani, mstaafu, na sisemi kwa mafumbo. Mwaka wangu wa pili kazini kiti changu kilivunjika mguu. Stoo wakasema kingine kinakuja, basi nikawa nakalia kasha la bati lililojaa shahada za watu. Kiti kilipofika, mwanangu Felista alikuwa keshamaliza darasa la pili.

Nilikuwa karani wa vyeti. Chuo sikitaji jina. Waliokisoma wananijua, na wasiokisoma wana bahati zao. Nilikaa nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la kupitisha mkono, napokea fomu ya kliarensi, naamua kama unaondoka na cheti au unaondoka na jua. Wengi wenu mnadhani ukishafaulu mtihani cheti ni chako. Thubutu. Chuo kina mamlaka ya kukizuia mpaka uwe safi, na usafi wenyewe ni saini za maktaba, bweni, maabara, michezo, joho na mshauri wa wanafunzi. Mnadhani ni ada tu? Mie nimewahi kumzuilia mtu shahada ya uchumi kwa sababu ya godoro. Nikamzuilia kijana mmoja mpole wa Moshi kwa ajili ya ufunguo wa kabati, na kabati lenyewe lilishaliwa na mchwa.

Na nilikuwa napenda, nisiwafiche. Mtoto wa watu kavaa suti ya mahafali, kapigwa picha na ukoo mzima, halafu wiki inayofuata kainama kwenye tundu langu anasema "mama yangu mpendwa". Sijawahi kupendwa na watu wengi namna ile, kabla wala baada.

Kuna braza mmoja alikuwa hajarudisha vitabu vinne. Badala ya kwenda maktaba akaniletea mjomba wake, jitu zima na koti na miwani myeusi, akaninong'oneza kwamba mjomba "anatoka juu". Nikamtazama huyo mjomba. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba wa juu. Leo maini yapo?" Maana alikuwa muuza nyama wangu wa Tandika, ila sijawahi kumwona kavaa viatu. Akavua miwani akacheka mpaka akakohoa, akamvuta mpwa wake sikio mpaka maktaba. Jumamosi yake nilipimiwa utumbo wa uzito wa haki kwa mara ya kwanza.

Mwingine hakurudisha joho. Akaja na hadithi tatu, ya nne ndiyo ikawa ya kweli: mama yake alishalishonea pazia. Nikasema lete hilo pazia. Akalileta, na pete zake za kuning'inizia. Nikalipokea, nikaandika "joho moja", nikampa cheti. Mwaka uliofuata kwenye mahafali nikamwona binti anapanda jukwaani, vitundu vya pete vimejipanga begani kwake vizuri kabisa. Nilikaa nyuma ya wahadhiri nikajifuta machozi, na watu wakadhani nimeguswa na sherehe.

Kazi alinifundisha Mzee Lugome, marehemu sasa, mtu wa Iringa, mkavu, anaongea kana kwamba maneno yanakatwa kwenye mshahara. Kila cheti kilikaa ndani ya bahasha ya kaki, na kila bahasha ilifungwa rababendi. Rababendi ya njano maana yake tayari, mpe mwenyewe. Nyekundu maana yake zuio. Juu ya bahasha huandiki sababu, kwa kuwa, alisema, mwanafunzi aliyeshindwa kusoma miaka mitatu akisimama dirishani anaweza kusoma karatasi iliyogeuzwa juu chini. Sababu unaiandika kwenye daftari, daftari linakaa kwenye droo, na ufunguo wa droo unakaa nao kifuani.

"Na nyekundu," akaniambia, "anafungua aliyeifunga. Ukifungua ya mwenzio umenunua kesi yake."

Niliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja. Sie makarani wote tuliishika. Ndiyo maana mtu akija na bahasha yake nyekundu, hakuna anayethubutu kuigusa. Kila mmoja anasema, "Sio yangu, muulize fulani." Fulani yuko likizo, fulani kahamia Dodoma, fulani kafariki na hatukumzika na daftari lake, ingawa ingesaidia.

Halafu zikaja kompyuta. Wakaja vijana wawili, wazuri wananukia, wakasema mambo ya rababendi yamekwisha, kila kitu kinaingia kwenye mfumo. Nikawaambia karibuni, nikawaachia ufunguo wa droo nikaenda zangu likizo. Wakapitia bahasha moja moja. Ya njano wanabonyeza "tayari". Nyekundu wanabonyeza "zuio", mashine inauliza sababu, na mashine haikubali kuachwa bila jibu. Kama jina halimo kwenye daftari, walikuwa wanachagua neno la mwisho kwenye orodha ili waendelee. Neno lenyewe lilikuwa "Nyinginezo".

Shikeni hapo kwanza, niwape elimu ya bure. Ukienda dirishani usianze na "sista samahani nina haraka". Anza na shikamoo, hata kama karani ni mdogo wako, atajisikia vibaya na atakuhudumia upesi. Usiende Jumatatu, hasira za wikiendi hazijaisha. Fomu ya kliarensi ipige kopi kila inapopata saini mpya, maana fomu za chuo hupotea mikononi mwa walewale wanaokulaumu kwa kupoteza. Na ukiambiwa una zuio, usiulize kwa nini. Sema, "Naomba uniandikie sababu, jina lako na tarehe." Utaona kalamu inavyokuwa nzito. Nami ningeambiwa hivyo na Zuhura, nisingekuwa na hadithi hii wala aibu yake.

Zuhura alikuwa binti wa Chang'ombe, kasomea ualimu wa hesabu, baba yake mtu wa Newala anayechonga vichwa vya vitanda. Alikuja dirishani mwezi mmoja baada ya mahafali, fomu yake imejaa saini zote, safi. Nikabonyeza jina.

"Una zuio," nikasema.

"La nini, mama?"

"Nyinginezo."

"Nyinginezo ndio nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa niseme sijui. Lakini miaka yote ile dirishani sikuwahi kusema sijui, sikujua hata linavyotamkwa. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ndio unajua ulichofanya."

Akaenda. Akazunguka upya ofisi zote anauliza nini hakurudisha. Sasa nyie fikirieni: mtu anakuja ofisini kwako na kusema, nadhani kuna kitu chenu ninacho, hebu tazameni. Nani atasema hapana? Maktaba wakamkumbusha kitabu ambacho hakukiazima, akatafuta nakala yake akapeleka. Bweni wakakumbuka ndoo. Michezo wakakumbuka mpira wa netiboli, na Zuhura hajawahi kugusa netiboli maisha yake yote, alikuwa mtu wa kukaa na vitabu. Akanunua mpira. Akarudi na saini mpya tatu. Nikabonyeza jina, Nyinginezo bado ipo palepale.

"Rudi ukafikirie vizuri," nikamwambia.

Akafikiria. Mara ya tatu alikuja na karatasi mbili, kaandika pande zote, kwa mwandiko mzuri wa kialimu. Zilikuwa dhambi zake. Aliwahi kula mandazi maktaba. Aliwahi kuchuma papai kwenye bustani ya mhadhiri. Aliwahi kumwitikia rafiki yake jina darasani, mara mbili, tena mara ya pili kwa sauti ya kubana. Aliomba niwapelekee wakubwa wachague iliyo kosa lake. Mie nilizisoma karatasi hizo wakati wa chai, kwa sauti, wenzangu wakacheka mpaka chapati zikapoa. Nacheka na sasa nikilikumbuka papai. Halafu nakumbuka aliyeandika, nanyamaza.

Ikapita miaka miwili namna hiyo.

Siku moja ya Alhamisi akaja tena. Sikumtambua upesi, kakonda. Hakuniita mama yangu mpendwa, akanipa shikamoo tu, kisha akasema, "Mama, kuna shule Segerea wamenikubali nifundishe hesabu. Wanataka kukiona cheti chenyewe Jumatatu. Nisipokuwa nacho wanamchukua mwingine."

Nikaanza kusema maneno yangu ya siku zote. Akanikatiza, kwa adabu.

"Sio kazi tu. Baba anasema sikumaliza chuo. Anasema nilimdanganya."

Nikamuuliza kivipi, na mahafali watu walikuona. Ndipo akanieleza. Nyie mliosoma mnajua kwamba siku ya mahafali ile karatasi iliyoviringishwa na utepe haina kitu ndani, ni ya kupigia picha. Mzee Chitanda, baba yake, hakujua. Alirudi nayo Chang'ombe akaita mafundi wote wa mstari wao, wale waliokuwa wanasikia habari za binti yake kila siku, akafungua utepe mbele yao ili fundi mmoja anayejua Kiingereza awasomee. Karatasi nyeupe. Zuhura akamwambia cheti chenyewe kinakuja baadaye. Hakikuja. Mwaka wa kwanza mzee alivumilia. Mwaka wa pili akapita mwenyewe karakana hadi karakana akawaambia wenzake kwamba mtoto alifeli na kamfanya mjinga, wasimuulize tena. Toka siku hiyo haongei naye zaidi ya salamu.

Sikupenda kusikia yale. Nikamwambia asubiri kwenye benchi. Nikaingia chumba cha vyeti, nikaitafuta bahasha yenyewe kwa mikono, kitu ambacho, kwa mwenye zuio, toka kompyuta zije sikuwa na haja ya kukifanya. Nikaikuta. Rababendi nyekundu, na kwenye kona ya bahasha kuna doa la mafuta kubwa kama sarafu. Nikainusa. Miaka miwili, na bado unasikia dagaa.

Nilikumbuka yote kwa mpigo mmoja. Hotpoti yangu ya chakula ilikuwa imelegea mfuniko, na mie nikawa naifunga na rababendi ya ofisi, nyekundu, kwa sababu nyekundu zilikuwa nene. Siku moja kabla ya mahafali, bahasha ya Zuhura ilifumuka mdomo mikononi mwangu. Za njano zimeisha mezani. Nikachomoa ile ya kwenye hotpoti, nikafunga bahasha, nikasema nikimaliza kula nitaibadilisha. Nikala. Foleni ikaja, mahafali yakaja, nami nikaenda likizo Songea kwa dada yangu. Ndio wakazipitia bahasha wale vijana wanaonukia.

Kwa hiyo Zuhura hakuwa na kosa lolote. Zuio lilikuwa la wali na dagaa wangu.

Nilibakiza miezi mitano nistaafu. Nisiwadanganye kwamba roho yangu ilikimbilia ukweli. Nilisimama pale na bahasha nikaanza kutunga: nitamwambia kamati imekaa, imemsamehe, asante kwa uvumilivu. Nilijiona mjanja kweli. Nikatoka na sura ya ofisi, nikamwambia, "Mwanangu, una bahati. Wamekusamehe."

Akafumba macho. Kisha akayafumbua akauliza, "Wamenisamehe kosa gani? Nikamwambie baba."

Basi bwana. Nikafungua mlango wa pembeni, nikatoka nikakaa naye kwenye benchi, mahali ambapo sijawahi kukaa toka niajiriwe. Nikamweleza yote, mfuniko na dagaa na likizo. Nikamwambia ni mie. Nikasema na lile la kusoma karatasi zake kwa sauti, maana nilishaanza nikaona nimalize.

Hakulia wala hakunitukana. Akasema taratibu, "Mama, nilinunua mpira."

Afadhali angenizaba kibao.

Kuondoa zuio kwenye mfumo kulihitaji saini ya Msajili, na Msajili akataka maelezo ya maandishi. Nikaandika mistari miwili: rababendi ilikuwa ya hotpoti, niliifunga mwenyewe, naomba niifungue mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani, akauliza kama nimepumzika vizuri siku hizi. Kisha akasaini, na nyuma yake akanipa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wangu. Ijumaa saa nne asubuhi Zuhura alisaini kitabu akapokea bahasha, nimeifunga na ya njano kwa mikono yangu.

Nikadhani tumemaliza. Yeye hakuondoka dirishani.

"Baba hataamini," akasema. "Atasema nimekichapisha Kariakoo."

"Sasa unatakaje?"

"Twende, mama."

Nikamwambia nina kazi. Akasema kesho ni Jumamosi. Hesabu yake ilikuwa sahihi, nikaenda.

Karakana ya Mzee Chitanda ni paa la bati na nguzo nne, pembeni ya mafundi wengine watano na mama mmoja anayewapikia. Tulimkuta kainamia ubao wa mninga, patasi mkononi, anachonga maua ya kichwa cha kitanda. Zuhura akampa shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Nikajitambulisha. Nikasema nilichokuja kusema, kifupi, mie nikiwa nimesimama na yeye akiendelea kuchonga. Nilipofika kwenye hotpoti patasi ikasimama.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia. Akaweka patasi chini, akajipangusa magoti. "Njoo, mama."

Akanitoa nje akanipeleka kwa fundi wa milango. "Mwambie na huyu." Nikamwambia. Tukaenda kwa fundi wa makochi. Msumeno wa jirani ulikuwa unalia, hakusikia nusu yake, nikaanza upya toka kwenye mfuniko. Tukaenda kwa mchomeleaji, akavua kinyago chake cha moto ili anione vizuri ninavyofanana. Kwa fundi rangi nilijaribu kufupisha, Mzee Chitanda akasema, "Na dagaa uwataje." Fundi wa tano ndiye yule anayejua Kiingereza, aliyeshikishwa karatasi nyeupe, yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Siku ile nilisema pengine ni karatasi mbili zimebandikana," akarudi kwenye randa yake. Yule mama mpishi alitaka kujua dagaa walikuwa wa wapi. Nikamwambia wa Kigoma. Akasema angalau.

Nyie wanangu, nimewatuma watu ofisi hadi ofisi karibu maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba ile ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu miguu imechoka na maneno yako mwenyewe umeshaanza kuyachukia. Nilikuwa natokwa jasho mpaka kwenye viganja. Niliona aibu, na ilinistahili.

Tuliporudi, Zuhura alikuwa kakaa juu ya rundo la mbao, bahasha kaishika kwa mikono miwili. Nikavuta pumzi, nikachukua mkoba wangu, nikaanza kuaga.

"Bado mmoja," akasema Mzee Chitanda.

Nikahesabu upya, nikadhani kuna fundi tumemruka. Mzee akavua kofia yake. Hakunitazama mie. Alisimama mbele ya binti yake, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile aliyotumia mstari mzima.

"Nilikwenda kwa hawa wote nikawaambia mwongo ni wewe," akasema. "Ulikuwa unasema kweli. Nisamehe, mwanangu."

Zuhura alimtazama sana. Halafu akamsogezea ile bahasha, afungue yeye.

Mzee akanyoosha mkono, akauona ulivyojaa vumbi la mninga, akaurudisha. Akaomba tumsubiri, akaenda kunawa.